Mizizi ya Milima Iliyokwisha

Bara halikuumbwa kwa siku moja, bali liliungwa kipande kwa kipande, na aghalabu palipoungwa ndipo milima ilipoinuka. Kiini cha Tanzania ni kratoni, yaani sehemu ya kale na imara ya ganda la dunia, inayoanzia Dodoma hadi Ziwa Victoria, ambako mawe ya itale yaliyopandana ufukweni Mwanza yaliganda kutokana na mwamba ulioyeyuka zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita.

Mashariki ya kiini hicho umepita ukanda ambao mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes aliuita Ukanda wa Msumbiji, nao ni kovu la mgongano. Kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabamba, yaani vipande vikubwa vya tabaka la nje la dunia visogeavyo sentimita chache kwa mwaka, yalikabana hapo wakati bara kuu la Gondwana lilipokuwa likiungana, ganda likakunjamana na kunenepa, ikainuka safu ambayo wanajiolojia huilinganisha na Himalaya.

Safu hiyo haipo tena. Mvua na mito iliikwangua, na kadiri mzigo wa juu ulivyopungua, ganda la chini lilipanda, kama jahazi linavyoinuka majini likipakuliwa shehena, hata miamba iliyopikwa kwenye kina cha zaidi ya kilomita 30, katika joto la nyuzi 800 hivi, ikafika juani. Miamba hiyo, iitwayo naisi, ndiyo ya Usambara, Pare na Uluguru: jiwe lake likipasuliwa huonyesha mistari myeupe na myeusi iliyopindana, na mara nyingi punje nyekundu za garneti. Tanzanaiti ya Mererani nayo ni zao la upishi huohuo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba urefu wa Usambara ya leo ni masalio ya kilele cha kale. Ni nyufa za baadaye sana zilizonyanyua vipande vya miamba hiyo juu ya tambarare. Kilimanjaro, pamoja na sifa zake zote, ni mgeni tu, volkano isiyotimiza miaka milioni 3 iliyotoboa ukanda huohuo. Anayetaka kuona Afrika ilivyoungwa na aiache theluji ya Kibo, ashuke Mombo, atazame mwamba uliochongwa kandokando ya barabara iendayo Lushoto.