Kompyuta Ndani ya Lori: Umeme Utatoka Wapi?

Tuseme kijana wa kijiji chako ni dereva wa lori. Anabeba mahindi kutoka Karatu kuja Wasso, kupitia Mto wa Mbu, Engaruka na Ngaresero. Anataka kuweka kompyuta ya mezani ndani ya lori, ili siku ya mnada aandikie watu barua na kutoa picha. Je, inawezekana? Ndiyo, inawezekana. Lakini akikosea, lori litalala porini pamoja na mahindi yenu.

Umeme wa namna mbili

Umeme wa TANESCO wa majumbani una nguvu ya volti 230. Kompyuta ya mezani imetengenezwa kwa umeme wa namna hiyo. Lori kubwa lina betri 2. Kila betri ina volti 12, nazo zimeungwa zikafuatana, kwa hiyo jumla ni volti 24. Basi, ukiunga kompyuta moja kwa moja kwenye betri, haitawaka.

Kinachohitajika ni inveta. Hiki ni kisanduku kinachobadili umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Soma maandishi yake kabla ya kununua. Lazima iwe ya volti 24. Inveta ya volti 12 ni ya gari dogo; ukiifunga kwenye volti 24 inaungua.

Wengine huchukua inveta ya volti 12 wakaifunga kwenye betri moja tu kati ya zile mbili. Hilo ni kosa. Betri moja itachoka na nyingine itabaki imejaa, na mwisho zote mbili zitaharibika mapema.

Tupige hesabu

Betri ni kama mtungi wa maji. Ukichota bila kujaza, maji yatakwisha.

Tuseme kompyuta na kioo chake vinatumia wati 120. Inveta nayo inakula kidogo, kwa hiyo tuweke wati 144. Gawanya kwa volti 24, unapata ampea 6. Sasa tuseme kila betri imeandikwa 150, yaani ampea-saa 150. Betri zikiungwa kwa kufuatana, volti zinaongezeka, lakini hii 150 haiongezeki.

150 gawanya kwa 6 ni saa 25. Lakini angalia! Usizitumie zote. Betri ya lori imetengenezwa kwa kupiga stata, siyo kwa kukamuliwa mpaka tone la mwisho. Injini ikiwa imezimwa, tumia sehemu moja tu ya tano, yaani 30. Hapo 30 gawanya kwa 6 ni saa 5. Betri ikiwa kuukuu, au usiku ukiwa wa baridi kama ile ya Wasso, punguza tena.

Mambo ya kufuata

1. Mwite fundi wa umeme wa magari afunge nyaya nene. Nyaya nyembamba hupata moto na zinaweza kuunguza lori.

2. Fyuzi iwekwe karibu na betri. Nyaya zikigusana, fyuzi itakatika kabla moto haujaanza.

3. Usiwashe kiberiti wala kuvuta sigara karibu na betri. Betri inapojazwa hutoa hewa inayolipuka.

4. Usiunge printa ya leza kwenye inveta ndogo. Inapopasha moto hutaka mamia ya wati.

5. Zima kompyuta kabla ya kupiga stata, na kabla ya kuanza safari. Kompyuta nyingi za zamani zina sahani inayozunguka ndani. Barabara ya mashimo huiharibu, na kazi yote inapotea.

6. Usiache injini inanguruma ndani ya banda lililofungwa ili kujaza betri. Moshi wake unaua.

Anayetaka kufanya kazi kutwa nzima anunue betri ya pekee, ile ya sola, pamoja na paneli yake. Betri za lori ziachwe kuwasha injini. Na ambaye bado hajanunua kompyuta, heri achukue laptopu, maana inatumia umeme kidogo zaidi.

Jaribu mwenyewe: laptopu na inveta vinatumia wati 48. Je, ni ampea ngapi? Na ile 30 itatosha saa ngapi? Ukipata ampea 2 na saa 15, umepata.