Milton Santos na Mizunguko Miwili ya Uchumi wa Mji

Katika soko lolote la mjini, mnunuzi aweza kupata mafuta ya kupikia kwa kijiko, mchele kwa kibaba na sabuni kwa kipande. Hatua chache kutoka hapo lasimama jengo la benki, na jirani yake ghala la kampuni iagizayo bidhaa kutoka ng'ambo. Je, hizo ni dunia mbili zisizojuana? Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini hivyo. Mwanajiografia mmoja wa Brazil alionyesha kwamba sivyo.

Milton Santos alizaliwa tarehe 3 Mei, 1926, katika mji mdogo wa Brotas de Macaúbas, jimbo la Bahia, ambako wakazi wengi, yeye akiwa mmojawapo, ni wa asili ya Kiafrika. Wazazi wake walikuwa walimu, nao ndio waliompa masomo yake ya kwanza. Mwaka 1948 alihitimu sheria, lakini moyo wake ulikuwa katika jiografia. Mwaka 1958 alipata shahada ya udaktari huko Strasbourg, Ufaransa, kwa utafiti juu ya kitovu cha mji wa Salvador.

Mwaka 1964 jeshi lilitwaa madaraka nchini Brazil. Santos alitiwa kizuizini, na alipoachiliwa akaenda uhamishoni. Kwa takriban miaka 13 alifundisha Ufaransa, Canada, Marekani, Peru na Venezuela. Na katikati ya miaka ya 1970 alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hivyo aliyataja masoko ya Ulimwengu wa Tatu kama mtu aliyeyaona kwa macho yake.

Nadharia yake kuu aliieleza katika kitabu kilichotolewa Paris mwaka 1975. Alisema kwamba mji wa nchi inayoendelea una mizunguko miwili ya uchumi. Mzunguko wa juu ni wa benki, viwanda vya kisasa na biashara ya nje: mtaji ni mkubwa, mikopo hutoka benki, na bei hupangwa. Mzunguko wa chini ni wa wachuuzi, mafundi na wenye vibanda: mtaji ni haba, nguvu ya mikono ni nyingi, bei hupatanwa, na bidhaa huchukuliwa kwa mali kauli.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mizunguko yote miwili ni watoto wa mama mmoja. Mashine za kisasa huzalisha mali nyingi kwa wafanyakazi wachache. Wanaokosa ajira hujitafutia riziki kwa kuuza vitu hivyo hivyo, vikiwa vimegawanywa mafungu madogo, kwa watu wapatao fedha kidogo kila siku. Katikati yupo mfanyabiashara wa jumla, ambaye kupitia kwake sehemu ya jasho la mchuuzi hupanda kwenda juu. Kwa hiyo mchuuzi si masalio ya zamani yatakayotoweka kwa kufagiwa barabarani. Akiondolewa asubuhi, sababu iliyomleta hubaki pale pale, na jioni hurudi.

Santos alirejea Brazil mwaka 1977, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha São Paulo. Mwaka 1994 alitunukiwa Tuzo ya Vautrin Lud, ambayo ni miongoni mwa heshima za juu kabisa katika jiografia. Alifariki dunia tarehe 24 Juni, 2001.

Nadharia yake yaweza kupimwa na darasa lolote. Wanafunzi wachague bidhaa moja sokoni, kama vile sabuni, kisha waifuate kurudi nyuma: kutoka kwa mchuuzi hadi duka la jumla, na kutoka hapo hadi kiwandani au bandarini. Katika kila kituo waandike bei ya kipimo kile kile, na nani amemkopesha nani. Jedwali hilo likikamilika, litawaonyesha njia ambayo fedha ya mnunuzi wa kijiko husafiri, na mahali inapokwenda kutulia.