Kazi za Mikono za Kiangazi kwa Watoto wa Darasa la Awali

Miongoni mwa maswali ambayo walimu wanafunzi hutuuliza kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha ni hili: watoto wadogo wafanye nini ndani ya darasa katika miezi ya joto, jua linapokuwa kali na uwanja haukaliki? Katika makala hii tutaeleza kazi tatu nyepesi ambazo mtoto wa miaka mitano aweza kuzifanya kwa mikono yake mwenyewe, kwa vifaa visivyohitaji fedha nyingi. Pamoja na hayo tutaeleza jambo ambalo tunaliona kuwa ndilo msingi wa kazi hizi zote, nalo ni kwamba kazi ya mtoto haina budi ibaki kuwa ya mtoto.

Wazo la kumfundisha mtoto mdogo kwa njia ya mikono si geni. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, alizipa kazi za kukunja karatasi, kusuka na kufinyanga nafasi kubwa katika mafunzo yake. Hata kabla ya hapo, watoto wa pwani yetu walikuwa wakijifunza kusuka ukili wakiwa wamekaa kando ya mama na bibi zao. Vidole vinavyokunja, kuchana na kufunga ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho.

Kiangazi cha wapi?

Vitabu vingi vya kazi za mikono vitokavyo Ulaya na Marekani huhesabu kiangazi kuwa ni Juni, Julai na Agosti. Kwao ni sahihi. Kwetu Tanzania, tulio kusini ya Ikweta, miezi hiyo ni ya kipupwe, na mtoto wa Njombe huenda shuleni amevaa sweta. Joto kali la pwani huja pamoja na upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Katika sehemu za bara kama Dodoma, joto huzidi mnamo Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza. Mwalimu anayenakili somo la kiangazi kutoka katika kitabu cha kigeni na kulifundisha mwezi wa Julai humwambia mtoto jambo ambalo ngozi yake mwenyewe inalikanusha.

Kwa hiyo kila kazi ianze kwa mazungumzo mafupi. Waulize watoto: Matunda gani yako sokoni sasa? Upepo unatoka upande gani? Nyumbani mnafanya nini mkisikia joto? Kama darasa lina dirisha linaloingiza jua, chora kwa chaki ukingo wa mwanga ulio sakafuni asubuhi, kisha waonyeshe watoto baada ya kipindi kimoja jinsi mwanga ulivyohama. Mtoto akishaona na kusema, mikono yake huwa na kitu cha kueleza.

Maandalizi ya vifaa

Vifaa vikusanywe wiki moja kabla ya somo, na watoto washiriki kuvileta: magazeti makuukuu, maboksi, vifuu vya nazi, chelewa za ufagio, nyuzi na vipande vya kanga. Gundi yaweza kupikwa. Chukua kikombe kimoja cha unga wa muhogo au wa ngano, ukoroge katika maji baridi kidogo, kisha umimine katika vikombe vinne vya maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka uwe uji mzito. Kazi hii ni ya mwalimu peke yake, na ifanyike mbali na watoto. Gundi hiyo huchacha upesi wakati wa joto, basi pika ya kutosha siku moja au mbili tu.

Rangi ya njano hupatikana kwa kukoroga bizari ya manjano katika maji ya vuguvugu, na nyeusi kwa kusaga mkaa. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki wa mti.

Kazi ya kwanza: Kipepeo

Mpe kila mtoto ukurasa mmoja wa gazeti uliokatwa nusu. Kwanza mtoto aipake karatasi michirizi ya rangi na kuiacha ikauke. Kisha aikunje mikunjo myembamba, mmoja mbele na mmoja nyuma, mpaka karatasi iishe. Ncha moja ifungwe kwa uzi, nayo ya pili ifunguliwe. Hapo mtoto amepata kipepeo cha kujipepelea, naye atakitumia papo hapo.

Sasa uzi ufunguliwe, na mikunjo ile ile ifungwe katikati badala ya mwisho. Pande zote mbili zikifunguliwa, kipepeo cha kupepelea kimegeuka kipepeo mwenye mabawa. Lugha yetu imeviita vitu hivi viwili kwa jina moja, na watoto hufurahi sana kuligundua hilo wenyewe. Usiwaambie mapema. Uliza tu, "Sasa ni nini?" kisha ngoja.

Kazi ya pili: Embe linaloiva

Kwa watoto wa pwani kiangazi ni msimu wa maembe. Acha watoto walishike embe halisi, walinuse na kulitazama pande zote. Katika aina nyingi za maembe, shavu lililoelekea jua huwa jekundu kuliko lile lililojificha majanini.

Kila mtoto achore embe lake kubwa kwenye karatasi nyeupe na kulipaka rangi ya manjano. Likikauka, achovye kidole au pamba katika maji yaliyokorogwa kwa kipande cha sabuni ya mche, kisha aguse shavu moja la embe. Mahali pale patabadilika na kuwa pekundu mbele ya macho yake. Sababu ni kwamba manjano hugeuka rangi ikikutana na magadi yaliyomo ndani ya sabuni. Mtoto wa miaka mitano hahitaji maelezo hayo, lakini mwalimu ayajue, kwa kuwa ataulizwa. Majani ya embe yachanwe kwa vidole kutoka katika magazeti na kubandikwa kwa gundi. Tunasema yachanwe, wala si yakatwe, kwani kuchana kidogo kidogo kwa kidole gumba na cha shahada ni zoezi zuri la kuimarisha vidole, na halihitaji mkasi.

Kazi ya tatu: Jahazi la kaskazi

Kwa karne nyingi majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi yalikuja kwetu kwa upepo wa kaskazi na kurudi kwa kusi. Habari hiyo ielezwe kama hadithi fupi. Kisha kila kundi la watoto wanne lipewe nusu ya kifuu cha nazi, donge la udongo wa mfinyanzi, chelewa fupi na karatasi ya pembe tatu. Udongo ukandamizwe ndani ya kifuu, chelewa isimikwe iwe mlingoti, na karatasi itobolewe mara mbili na kupitishwa mlingotini iwe tanga.

Weka karai la maji katikati ya darasa, nao watoto waelee majahazi yao na kuyapulizia, au kuyapepea kwa vipepeo walivyotengeneza. Jahazi jingine litapinduka. Waulize wenyewe wafanyeje: waongeze udongo, au wapunguze tanga? Hapo kuna somo la sayansi lisilohitaji ubao. Karai lisiachwe na maji baada ya kipindi, na mwalimu asiondoke likiwa wazi. Kingo za vifuu zisuguliwe kwa jiwe kabla ya somo. Kokoto, shanga na mbegu ndogo zisitumike kabisa kwa umri huu, kwa kuwa huishia puani na masikioni.

Kazi ni ya nani?

Tunapowatembelea walimu wanafunzi mashuleni, mara kwa mara tunakuta ukuta uliopambwa maembe 40 yanayofanana kama sahani za duka moja. Kila moja limekatwa kwa ukingo safi na shavu jekundu limewekwa mahali pale pale. Ukuta kama huo hupendeza macho ya mgeni, lakini hausemi lolote kuhusu watoto. Unasema kwamba mwalimu ana mkono mwepesi.

Mtoto ambaye mwalimu amemnyang'anya karatasi "ili aisawazishe" amejifunza somo moja tu siku ile, yaani kwamba yeye hawezi. Akilirudia somo hilo mara tatu, mara nne, ataacha kujaribu na kukaa akimngoja mwalimu. Ndiye tutakayemkuta darasa la tatu akinakili ubaoni bila kuthubutu kuandika sentensi yake mwenyewe. Hasara hiyo ni kubwa kuliko hasara ya embe lililopinda.

Kwa hiyo mwalimu afanye mambo matatu tu. Aandae vifaa, aonyeshe hatua moja kwa wakati mmoja kwa kutumia karatasi yake mwenyewe, na azunguke akiuliza. Mtoto akikwama, mwalimu amshikie karatasi, mtoto akunje. Fundo likimshinda, mwenzake amsaidie kwanza. Darasa likiwa na watoto 60, gawa makundi mawili: moja likifanya kazi za mikono, jingine liimbe au lisikilize hadithi, kisha wabadilishane. Mwishoni kila mtoto aeleze kazi yake japo kwa sentensi moja, na sentensi hiyo iandikwe chini ya kazi pamoja na jina lake. Mzazi akija ataona mkono wa mwanawe, na atasikia maneno yake.

Mazoezi kwa walimu wanafunzi

1. Tengeneza kila kazi iliyoelezwa hapa kwa kutumia mkono usiouzoea. Andika hatua zipi zilikushinda. Hizo ndizo zitakazomshinda mtoto.

2. Orodhesha dalili tano za msimu wa joto katika wilaya yako, kisha ubuni kazi moja ya mikono kutokana na mojawapo.

3. Baada ya somo la majaribio, panga kazi zote za watoto sakafuni. Ukiweza kumtambua mwenye kazi kabla ya kusoma jina lake, somo lako limefaulu. Zikifanana zote, tafakari ni mkono wa nani uliofanya kazi siku hiyo.