Fidia ya ajali za reli Marekani: kilichoharibika ndicho kinacholipa

Marekani, mfanyakazi wa reli aliyeumia kazini halipwi na mfuko wa fidia kama walivyo wafanyakazi wengi wa viwandani. Humshtaki mwajiri wake chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1908, na kwa kawaida hana budi kuthibitisha uzembe wa kampuni. Mzigo huo ni mwepesi kuliko unavyosikika. Mwaka 1939 Bunge lilifuta utetezi kwamba mfanyakazi aliikubali hatari alipoikubali kazi, na mwaka 1957 Mahakama ya Juu ikasema yatosha uzembe wa kampuni ukiwa umechangia jeraha hata kwa sehemu ndogo kabisa. Msimamo huo uliungwa mkono tena mwaka 2011. Ila makosa ya mfanyakazi hukatwa kwenye malipo: hasara ikiwa dola 1,000,000 na yeye akabebeshwa asilimia 40 ya lawama, huondoka na 600,000.

Makato hayo hutoweka pale kifaa kinachotajwa na sheria ya usalama kinapokuwa kimechangia ajali. Tangu mwaka 1893 sheria inataka mabehewa yafungane yenyewe yanapogongana, ili mtu asiingie katikati yake. Yasipofungana, kampuni inawajibika bila uzembe kuthibitishwa. Kwa hiyo fomu ya ajali inayojazwa siku ileile ina uzito wa fedha: aliyeandika tu kwamba aliteleza amejifungia mlango ambao aliyetaja kifungio kibovu ameuacha wazi.

Wakosoaji husema mfumo huu huchelewesha malipo na kuwanufaisha mawakili, na kwamba mfuko usiouliza kosa ni la nani ungelipa mapema. Kuhusu ucheleweshaji wana haki. Lakini mifuko hulipa kwa viwango vilivyopangwa, na kwa kawaida haifidii maumivu, ilhali hapa gharama yote humwangukia mwenye uwezo wa kukitengeneza kifaa. Udhaifu mkubwa zaidi nauona kwenye sharti la sheria za usalama kwamba chombo cha reli kiwe kinatumika ajali inapotokea. Mwaka 2022, katika kesi ya mfanyakazi aliyeteleza kwenye mafuta juu ya kichwa cha treni kilichosimama yadi kwa muda, majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika 4 kwa 4. Hukumu ya chini, iliyomkatalia, ikabaki, na nchi haikupata mwongozo mmoja. Bunge ndilo lenye uwezo wa kuandika wazi kwamba treni iliyotua katikati ya safari bado inatumika, na linapaswa kufanya hivyo.