"Tulifanya" haitoshi: kujibu swali la kuongoza timu kwenye intavyu

"Tuambie kuhusu wakati ulipoongoza watu wa idara tofauti kubuni bidhaa."

Ukiomba kazi kwenye kampuni ya teknolojia, jiandae kwa swali hili, hata kama cheo chenyewe si cha meneja. Na wengi huteleza kwa neno moja dogo: "tuli". Tuliamua, tulijenga, tulizindua. Kwetu ni adabu kutojisifu, sawa kabisa. Lakini jopo haliajiri timu yako nzima. Linakuajiri wewe.

Wanatafuta nini hasa?

Jopo linajua kwamba mbunifu, mhandisi, mwanasheria na watu wa huduma kwa wateja hawakubaliani kila siku. Linataka kusikia mambo matatu: mlitofautiana wapi, wewe ulifanya nini, na mteja alifaidika vipi. Ukisema "timu yetu ilielewana sana," umejibu lakini hujasema kitu.

Tuchukue mfano

Tuseme mnabuni menyu ya USSD ya kutuma pesa. Skrini moja haibebi zaidi ya herufi 182, na mteja akichelewa, menyu inakatika. Huduma kwa wateja wanataka jina la mpokeaji litokee kabla ya PIN, maana wamechoka na simu za pesa iliyoenda kwa namba isiyofaa. Mhandisi anaogopa kuongeza skrini. Mwanasheria anakumbusha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Jibu hafifu: "Tulikaa chini tukaelewana."

Jibu zuri: "Niliomba malalamiko ya mwezi mzima, kisha nikamwomba mhandisi apime watu hukatikia wapi. Kumbe ni pale wanapotafuta namba, si pale wanaposoma. Nikapendekeza jina likae kwenye skrini ileile ya kuthibitisha kiasi. Mwanasheria alitaka tusionyeshe majina yote, nikakubali. Tulijaribu na wateja wachache kwanza, na malalamiko yakapungua."

Umeona "nili" na "tuli" zinavyogawana kazi? Hatua ulizochukua ni zako, kazi ni ya wote. Na mwanasheria hakufanywa adui.

Mpango ukibadilika je?

Swali lingine la kawaida: "Ulifanya nini mipango ilipogeuka?" Hapa historia ya M-Pesa inafundisha. Majaribio yalianza 2005, yakisimamiwa na Susie Lonie wa Vodafone, na lengo lilikuwa wateja wa Faulu walipe mikopo kwa simu. Kampuni ya simu, benki na shirika la mikopo, kila mmoja alikuwa na mahitaji yake. Lakini watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, huku Faulu ikipata shida kuoanisha mfumo huo na hesabu zake. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ujumbe ulikuwa mwingine: tuma pesa nyumbani.

Jibu lako lifuate njia hiyo: ulimwona mteja akifanya nini, nani alilazimika kuacha alichokipenda, na wewe ulimwambiaje.

Sina cheo, nitasema nini?

Cheo si lazima. Kama ulihamisha michango ya chama kutoka pesa taslimu hadi paybill, ukamtuliza mweka hazina na kuwafundisha wazee walioogopa kubonyeza namba, hiyo ni kuongoza. Ieleze kwa dakika mbili, na usiongeze chumvi. Swali la pili huja kuchimba palepale ulipodanganya.

Kabla hujaenda

Ukiambiwa utume "ada ya intavyu" kwa simu, simama hapo. Mwajiri wa kweli hakuombi pesa ili akusikilize, wala hahitaji PIN yako. Weka nauli yako, fanya mazoezi kwa sauti, na kila "tuli" ikikutoka, jiulize: mimi nilifanya nini?