Presha Moja, Hatari Mbalimbali

Tabibu anapomfungua mgonjwa ule mfuko wa kupimia mkononi na kumwambia kwamba presha yake imefika 140 kwa 85, aghalabu mgonjwa hudhani kwamba amesomewa hukumu, na kwamba hukumu hiyo ni moja kwa kila mja mwenye hesabu kama yake, awe yu Mombasa au yu Tokyo. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli, na ile nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mwaka 1958 ulianza uchunguzi ulioongozwa na Ancel Keys wa Marekani, uliokusanya wanaume zaidi ya 12,000, wenye umri wa miaka 40 hadi 59, katika nchi 7: Marekani, Ufini, Uholanzi, Italia, Ugiriki, Yugoslavia ya zama zile na Japani. Walipimwa presha na mafuta ya damu, wakaulizwa habari za chakula na tumbaku, kisha wakafuatwa miaka na miaka, kila mauti yakiandikwa pamoja na sababu yake. Hesabu ya miaka 25 ilipochapishwa mwaka 2000, ilidhihirika kwamba miongoni mwa wenye presha ile ile ya 140 kwa 85, waliokufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo Marekani na kaskazini mwa Ulaya walikuwa kadiri ya 70 katika kila watu 10,000 kwa mwaka, ilhali Japani na katika mwambao wa Mediterania, kusini mwa Ulaya, walikuwa kadiri ya 20 tu.

Sababu ni kwamba presha haifanyi kazi peke yake. Damu isukumwayo kwa nguvu huchubua ngozi laini ya ndani ya mishipa, na mahali palipochubuka mafuta ya damu hupata maskani. Maskani hayo yakipasuka siku moja, damu huganda juu yake, njia ikaziba, na sehemu ya moyo ikafa kwa kukosa hewa na chakula. Basi Mfini wa mashariki, ambaye siagi na maziwa mazito vilikuwa riziki yake ya kila siku, alikuwa na vingi zaidi vya kuziba mishipa kuliko mtu wa Krete, kisiwa cha Ugiriki, aliyekula mboga, kunde na mafuta ya zeituni, au Mjapani wa wali na samaki. Walakini Mjapani hakusalimika: chumvi nyingi ya achari na mchuzi wa soya ilimpandishia presha, na kiharusi kikawachukua wengi ambao moyo uliwaacha.

Tena, kati ya nchi zile 7 hakuna hata moja ambamo kupanda kwa presha hakukuwa na madhara. Kila ilipozidi, hatari ya moyo nayo ilizidi kwa kiasi kinachokaribiana kila mahali.

Wako wasemao kwamba maradhi haya ni ya nasaba. Nasaba ina sehemu yake, sikatai. Lakini na tuwatazame Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta kazi Nairobi, ambao mtafiti Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia na kuchapisha habari zao mwaka 1990. Walilinganishwa na ndugu zao waliobaki nyumbani, watu wa mababu wale wale. Haikupita miezi mingi mjini ila presha za wahamiaji zilikwisha kupanda, uzito umeongezeka, na mkojo wao ukionyesha chumvi nyingi zaidi na upungufu wa potasiamu, ile madini ipatikanayo katika matunda na mboga. Damu ya ukoo haibadiliki kwa safari ya basi. Kilichobadilika ni maisha.

Na maisha hurekebishika. Karelia ya Kaskazini, jimbo la Ufini lililokuwa na misiba mingi ya moyo, lilianza mwaka 1972 kupunguza siagi, chumvi na tumbaku, na katika miongo iliyofuata vifo vya moyo vya wanaume wenye umri wa kufanya kazi vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80.

Nakusihi basi, msomaji, kapime presha hata kama hujisikii mgonjwa, maana aghalabu haina dalili. Ukiambiwa hesabu yako, usiondoke bado. Muulize tabibu habari za mafuta na sukari katika damu yako, mweleze kweli kuhusu tumbaku na chumvi, na ukipewa dawa, usiiache kwa kuwa kichwa hakiumi.