Kijiji Kilichobaki Bila Wenyewe
Katika nchi ya Uturuki, karibu na mji wa Fethiye, kiko kijiji cha mawe kiitwacho Kayaköy. Mgeni afikapo huona mamia ya nyumba zilizopangwa kilimani, lakini hazina mapaa wala watu. Wenyeji wa zamani, Wakristo wa kabila la Kigiriki, walijenga mlimani ili bonde lenye rutuba libaki kuwa shamba. Mwaka 1923 serikali za Uturuki na Ugiriki zilipatana kubadilishana watu kwa kufuata dini zao. Waliokwisha kuondoka hawakuruhusiwa kurudi. Waislamu walioletwa kutoka Ugiriki, wengi wao hawakukaa pale. Makanisa mawili yangali yamesimama, kimya. Mawe hudumu, lakini nyumba isiyo na mwenyewe haina wa kuiezeka.